Timu Isiyo na Bwawa

Moroni, 19 Februari 2023

Shangazi Saleha,

Shikamoo. Nasri anakuja Tanga wiki hii kwa biashara zake, nami nimemsimamisha mlangoni ili nimalize barua. Ulisema hutaki simu, kwamba simu ni "mzima?" "mzima", kisha mtandao unakatika na mtu hajui hata mwenzake amekula nini. Basi jana nilikula ndizi mbichi za nazi na pweza. Umeridhika?

Bibi, ambaye huku kila mtu anamwita Koko, anaendelea vizuri. Mwaka jana nilipokuja kumuuguza alikuwa hawezi kugeuka kitandani. Sasa anatoka mwenyewe hadi uani kuwagombeza kuku. Anasema nimefanana na marehemu mama kila kitu isipokuwa mikono. Mikono ni ya kwenu.

Na mikono hiyo imeniingiza kwenye jambo. Kuna mwalimu hapa anaitwa Echata, Mngazija aliyezaliwa Marseille, amerudi kufundisha michezo shule ya sekondari. Anaunda timu ya mpira ya wasichana, na ndiyo timu ya taifa, maana hakuna nyingine. Alinikuta dukani nikishusha beseni kutoka rafu ya juu kabisa, akaniuliza: "Wewe ni nani, na kwa nini bado hujawa kipa wangu?" Kwa kuwa mama ni wa hapa, naruhusiwa. Tunafanya mazoezi kila siku baada ya alasiri, karibu na bandari ya zamani. Ni mpira wa kurusha na kudaka kwa mikono. Mimi nakaa golini.

Niombee dua.

Mwanao,
Samiha


Nguvumali, Tanga, 11 Machi 2023

Mwanangu Samiha,

Marahaba. Barua yako niliisoma Muheza nikiwa nimekalia magunia ya machungwa, nikairudia nyumbani, kisha nikamsomea jirani yetu Beatrisi, naye akapiga vigelegele mpaka watu wakatoka nje kuuliza nani anaolewa. Timu ya taifa! Mtoto wa Nguvumali!

Sijapata kukwambia kwamba nami nilicheza mpira wa pete, nikafika hadi mkoa. Nilikuwa mlinzi wa goli vilevile kama wewe. Nikupe siri: usiutazame mpira, tazama kiuno cha anayerusha. Mkono unadanganya, kiuno hakidanganyi.

Beatrisi amekushonea sketi ya marinda, ya kijani, inashuka chini ya magoti. Raba nyeupe nimezinunua barabara ya kumi. Ukizikuta zinabana, zivae na maji kidogo zitalegea.

Neno moja tu halikunipendeza: bandari. Nchi nzima hiyo haina uwanja kwingine? Mazoezi yakiisha, geuka, rudi kwa bibi yako. Usikae kupiga soga ukingoni. Wewe unajua bahari ilimfanya nini baba yako, na unajua mimi sina mtoto mwingine.

Shangazi yako,
Saleha


Moroni, 2 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Sketi ilifika zamani. Ni nzuri mno, na nimekaa nayo miezi yote hii bila kukujibu kwa sababu siwezi kuchezea. Mpira wetu si wa pete. Unachezwa ndani ya maji. Unaitwa polo ya majini. Kila nilichokuandikia kilikuwa kweli, ila hilo nililiacha nje kwa kukuogopa.

Naomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Tunakuwa saba majini, mmoja wao kipa. Maji ni marefu na huruhusiwi kugusa chini, na sisi hata tungetaka, hakuna chini ya kugusa. Bwawa hatuna. Magoli tumeyaunda kwa mabomba ya plastiki na nyavu za samaki, yanaelea kwa madumu. Mipaka ya uwanja ni kamba iliyofungwa chupa tupu. Nilipojiunga sikujua hata kuelea. Moinaecha, nahodha wetu, ambaye ni msusi, alikuwa akiogopa mawimbi kuliko mimi. Basi kitu cha kwanza Echata alichotufundisha ni kusimama. Kusimama majini, Shangazi! Miguu inazunguka, mmoja huku mwingine kule, kama miiko miwili inayokoroga uji, na kifua kinabaki juu na mikono iko huru. Wenyewe tunaita kukoroga.

Cha pili alitufundisha kuzamishwa. Katika mchezo huu mtu anakushika, anakukandamiza, anakukwaruza, nawe hutakiwi kukasirika wala kuhangaika. "Mtu akikupanda," anasema Echata, "shuka naye kidogo. Ataachia mwenyewe. Halafu wewe panda."

Mwezi uliopita tulikwenda Shelisheli, mechi yetu ya kwanza na nchi nyingine. Hapo ndipo nilipoona bwawa. Maji yametulia kama kitambaa kilichopigwa pasi, chini vigae vya buluu, unaona mpaka kucha za miguu yako. Tulisimama ukingoni tumeshikana mikono, hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuyavuruga. Moinaecha akasema "Bismillahi", akaingia, na akazama! Maji yale hayana chumvi, hayakubebi. Kila tulichokijua baharini ikabidi tukifanye kwa nguvu mara mbili.

Tulifungwa ishirini na saba bila. Mchezo ulipoisha nahodha wao alituuliza kwa upole bwawa letu likoje. Moinaecha akamjibu kwamba sisi huchezea baharini, pale bandarini, penye mawimbi na kina. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliwaita wenzake wote waje wasikie, wakakaa chini mbele yetu na nywele zao zinachuruzika, wakatuuliza maswali kama wanafunzi.

Najua tumepoteza nini baharini. Siku boti la Pemba lilipozama nilikuwa na miaka mitano, nawe ulikaa hapo Nguvumali ukisubiri habari za baba zisizokuja. Sijasahau. Lakini ningekuwa naogopa tu, nisingeyaona haya niliyoyaona.

Mwanao,
Samiha


Nguvumali, 1 Oktoba 2023

Samiha,

Barua nimeipata. Nasri nimempa soda, alipoondoka nikafunga mlango.

Beatrisi ameniuliza kama sketi ilikutosha. Nimemwambia imekutosha.

Kuhusu siku ile, hujui unachokisema. Usiiandike tena katika barua yako yoyote.

Siku utakapotoka humo majini, niandikie. Kabla ya hapo usijisumbue.

Saleha


Moroni, 20 Januari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu na hujanijibu. Nitaendelea kuandika, wewe utachagua kusoma au kuwashia jiko.

Koko anakusalimu. Anasema wewe na mimi tuna vichwa vya aina moja na anamhurumia Nasri anayebeba maneno yetu.

Habari ni kwamba wasichana wa kisiwa cha Nzuwani wametuita. Wanataka kuanzisha timu yao, ili hatimaye nchi hii iwe na timu mbili zinazoweza kucheza zenyewe kwa zenyewe. Wakati wa bahari shwari kabla ya Ramadhani tutakwenda kwa boti, tuwafundishe, tuwachezee mechi moja mbele ya wazazi wao, kisha turudi. Tutabeba kila kitu: mipira, kamba, hata magoli yetu.

Siombi ruhusa, maana najua jibu. Nakwambia tu, kwa sababu sitaki tena ujue mambo yangu kwa kuchelewa.

Mwanao,
Samiha


Nguvumali, 9 Machi 2024

Samiha mwanangu,

Nimeisikia redioni, ndani ya lori la machungwa, tukitoka Muheza. Boti limezama kati ya Nzuwani na Ngazija. Lilikuwa na wasafiri na timu ya wasichana. Kisha mtangazaji akaingia kwenye habari za bei ya mbolea. Nilimwambia dereva asimamishe gari. Nilishuka nikasimama kwenye mikonge na sijui nilisimama kwa muda gani.

Simu yako haipatikani. Ya Nasri haipatikani. Beatrisi amekaa hapa pembeni yangu anasali rozari yake, mimi nina tasbihi yangu.

Sijui barua hii namwandikia nani. Naandika kwa sababu mkono lazima ufanye kitu. Barua zako zote nilizisoma. Hakuna hata moja iliyowasha jiko.

Ukiwa hai, sina hasira tena. Nijibu hata neno moja.

Shangazi yako


Moroni, 17 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Niko hai. Wenzangu wote wako hai, na Echata. Naanza na hilo ili upumue. Simu yangu imezama na boti. Mwandiko umepinda kwa sababu nina mkwaruzo begani, si kitu.

Tulikuwa tunarudi. Mechi ya Nzuwani ilikuwa nzuri mno, nitakusimulia siku nyingine. Botini tulikuwa sisi na wasafiri wengine zaidi ya thelathini, akina mama na watoto, wazee, mbuzi wawili watatu. Adhuhuri ilikuwa imepita. Injini ikazima, boti likakaa ubavu kwa mawimbi. Wimbi moja likaingia, watu wakakimbilia upande mmoja. Basi. Hakukuwa na kishindo. Boti lilijilaza tu kama mtu aliyechoka.

Nilipoibuka niliona watu wanapandana. Sitakuandikia nyuso zao. Nilitaka kuogelea niende mbali nao, huo ndio ukweli. Hapo nikamsikia Echata: "Mikono juu! Korogeni!" Sauti ileile ya mazoezi inayotukera kila siku. Miguu yangu ikaanza yenyewe. Nikageuka, nikawaona wenzangu mmoja mmoja wanasimama majini, vifua juu, mikono juu, kama vile tuko bandarini na mechi inaanza.

Magoli yalikuwa yamefungwa juu ya paa, yameanza kuzama na boti. Moinaecha alizifungua kamba kwa meno, yakaibuka na madumu yake. Tukayaweka katikati, watoto na wazee wakayashika. Kamba ya chupa tukaizungusha nje. Waliobaki tukawapokea wenyewe, kila mchezaji na mtu wake. Aliyenijia mimi ni mzee mmoja. Akanipanda. Nikashuka naye, akaachia. Akanipanda tena, nikashuka naye tena. Tulipoibuka nikamwambia, "Baba, sitakuacha. Nishike bega tu, usinishike kichwa." Akanishika bega. Akawa mzito kama mtoto aliyelala.

Watatu hatukuwapata. Mmoja wao ni nahodha wa boti. Nawaombea kila nikisujudu.

Kisha, Shangazi, ukafika wakati ambao hakuna aliyekuwa akilia. Mama mmoja akaanza kusoma sura ya Yasini. Wengine wakamfuata, hata waliokuwa wametapika maji. Sauti ilikuwa inapanda na kushuka na mawimbi, na sisi tunapanda na kushuka nayo, na nikahisi duara lote linapumua pamoja. Chini yangu bahari haina mwisho, juu yangu mbingu haina mwisho, na katikati kuna miguu yetu inakoroga. Niliogopa, lakini si kufa. Niliogopa kama mtu anavyoogopa akiingia peke yake msikiti mkubwa.

Wavuvi walituona kabla jua halijazama. Wanasema waliona mikono tu, mikono mingi imesimama juu ya bahari, wakadhani wanaona majini na mashetani. Mmoja wao aliniambia alitaka kugeuza ngalawa. Nikamuuliza kwa nini hakugeuza. Akasema, "Nilisikia Yasini. Nikajua ni watu."

Mwanao,
Samiha


Nguvumali, 6 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine mia juu yake.

Nikwambie sasa. Siku ile sikuwa Nguvumali. Nilikuwa ndani ya boti la Pemba pamoja na baba yako. Wewe tulikuacha kwa Beatrisi. Majirani niliwaomba wasikwambie, nao wamenisitiri miaka yote.

Baba yako alijua kuogelea. Alinitafuta mpaka akanipata, akanilaza kwenye godoro la mtu lililokuwa likielea. Kisha watu wakaona kwamba yeye hazami. Wakamjia, kama walivyowajia ninyi. Wakampanda. Hawakuwa watu wabaya, Samiha. Mmoja wao alikuwa mwalimu, muda mfupi kabla tulikuwa tumekaa naye anatugawia mihogo yake ya kuchoma, anatuchekesha. Walimpanda mpaka wakashuka wote pamoja. Nami nilikuwa juu ya godoro, natazama.

Kilichonifukuza ufukweni si bahari. Ni kile nilichokiona. Tangu siku hiyo nikiwa sokoni, nikiwaona watu wema wanaamkiana, wanapeana nafasi, moyo wangu huniambia: watie majini hawa, utawaona. Ndiyo sababu nikachagua machungwa na barabara ya Muheza. Sikuwahi kumwambia mtu. Ungemwambiaje mtu jambo kama hilo, kisha umkaribishe chai?

Sasa wewe unaniandikia kwamba watu walianza kupandana, kisha wakaacha. Kwamba palipokuwa na waliojua kusimama, wengine nao wakasimama. Mzee akaambiwa shika bega, akashika bega. Jana nilikaa na barua yako mpaka futari ikapoa mbele yangu. Sikuwa na njaa. Nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa dirisha ambalo hakujua lipo.

Yule mwalimu wa mihogo nimemsamehe leo. Sikujua kama nilikuwa sijamsamehe.

Shangazi yako,
Saleha


Moroni, 8 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Miezi yote hii nimeanza kukujibu mara nyingi nikachana. Nimemwombea baba, na nilipokuwa namwombea nikajua kwa mara ya kwanza ninamwombea mtu wa namna gani.

Shelisheli wameandika. Wanataka mechi ya marudio, na wamekataa tuwafuate. Wanasema safari hii wao watakuja, na itachezwa baharini petu, na kamba zetu na magoli yetu. Ni mwezi wa kumi na moja. Haijapata kuchezwa mechi ya taifa hapa.

Njoo. Ndege ipo kutoka Dar. Utakaa juu ya ukuta wa bandari, hakuna atakayekwambia ushuke.

Mwanao,
Samiha


Nguvumali, 30 Novemba 2024

Mwanangu Samiha,

Nimefika salama. Beatrisi amenipokea stendi na maswali mengi kuliko mizigo, na nimemweleza yote mara mbili. Wewe nakuandikia kwa sababu ulikuwa majini, hukuyaona niliyoyaona kutoka juu ya ukuta.

Hukuona kwamba hakuna aliyekaa. Bandari nzima ilisimama, juu ya ukuta, juu ya yale mawe meusi, madirishani, kwenye paa la forodha. Watoto wamebebwa mabegani. Na kimya! Nimekwenda viwanjani Tanga maisha yangu yote, sijasikia kimya kama kile.

Hukuona miguu yenu. Watu wa mbali waliona mabega na mikono, wakadhani mmesimama juu ya kitu. Mimi nilikuwa karibu na maji yalikuwa angavu. Niliiona ikizunguka, kumi na minne yenu, na pamoja na ya Shelisheli mara mbili ya hiyo, haipumziki hata mpira ulipokuwa mbali. Nikasema Subhanallah, nikasema tena, mwisho nikawa siwezi kusema kitu kingine.

Wale wenzenu wa Shelisheli mawimbi yaliwatesa, lakini ni hodari, sitawadhulumu. Wamewafunga nane kwa tano. Tano, Samiha! Moinaecha alipotia la kwanza, hukusikia kilichotokea, ulikuwa golini upande wa pili unapiga maji. Watu hawakushangilia mara moja. Kwanza walivuta pumzi, wote pamoja. Halafu ndipo mji ukapasuka.

Karibu yangu alisimama mzee mwenye kofia iliyotariziwa. Kila ulipodaka alisema, "Huyo. Huyo." Nikamuuliza kama anakujua. Akasema, "Mimi ndiye niliyemng'ata begani." Nilidhani sikumsikia vizuri. Akanieleza kwamba baharini, kabla hajatulia, alikung'ata mpaka akahisi damu, nawe hukupiga kelele, ulimwambia tu ashike bega lile jingine. Wewe ukaniandikia mkwaruzo. Tutazungumza kuhusu mkwaruzo huo.

Filimbi ya mwisho ilipolia nilidhani watu watatawanyika. Badala yake nikawaona baadhi yao wanaanza kushuka zile ngazi za mawe, na nguo zao walizovaa, akina mama na kanga zao, baba mmoja amebeba mtoto. Wanaingia majini wanawafuata ninyi, na ninyi bado mnakoroga mnawangoja. Nikajua ni abiria wa lile boti. Yule mzee akageuka akanishika mkono. Alidhani nami nilikuwa abiria. "Mama," akaniuliza, "nawe ulikuwemo?"

Nikamwambia ndiyo, nilikuwemo.

Tukashuka. Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo. Ulinikuta maji yamenifika kifuani, ukaniuliza kama naogopa, nami sikukujibu, na nimeona tangu siku hiyo unajiuliza nilikuwa nafikiria nini. Labda unadhani nilikuwa namfikiria baba yako. Nilimfikiria baadaye, kwenye ndege, njia nzima.

Pale majini nilikuwa nashangaa jambo moja tu. Miaka yote hii sijaigusa bahari, na kumbe maji yake ni vuguvugu.

Shangazi yako,
Saleha